Tulikuwa Tunapima Sukari Tu

Riziki na wenzake wa labo, ile maabara niliyowaachia, wameniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kuzisahau. Nimekubali, ila wasome mpaka mwisho, maana jambo lililonisumbua kuliko yote liko katikati. Vyeo nilivyopewa nitaviruka. Havikumponya mtu.

Niliingia labo ya hospitali moja pale Kasongo nikiwa msichana aliyetoka shuleni, na blauzi nyeupe ambayo mama yangu alikuwa ameipiga pasi mara mbili. Mkubwa wa labo alikuwa Papa Lubunga, mwanaume mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi wa mpira ili isianguke ndani ya mikojo ya watu. Nilitegemea atanionyesha mikroskopu. Alinionyesha ndoo iliyojaa tubu za kioo, vile vichupa vyembamba vya kupimia.

"Utaosha hizi wiki mbili," aliniambia. "Tubu chafu inasemaka uongo, na ule uongo wewe njo utatia saini."

Nikaosha wiki mbili. Wiki ya tatu akanifundisha kutafuta sukari. Siku zile vijiti vya kuchovya kwenye mkojo vilikuwa haba, tulitumia dawa ya bluu: unaweka matone machache ya mkojo, unapasha moto, unangoja. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, iko kidogo. Ikiwa nyekundu kama tofali lililochomwa, unamwita daktari. Nilipenda kazi ile. Jibu lilikuja mbele ya macho yangu na halikuhitaji mtu wa kulitafsiri.

Kipimo cha pili kilikuwa cha protini, ambayo wakubwa waliiita albumini. Hapa sikilizeni vizuri, maana hata leo vijiti vikiisha mnaweza kukifanya. Unajaza tubu robo tatu, unaishika chini, unapasha moto sehemu ya juu tu kwenye taa ya alkoli. Kukitokea mawingu juu, unayalinganisha na mkojo wa chini ambao haukuguswa na moto. Kisha unatia matone ya siki. Mawingu yakiyeyuka, si kitu. Yakibaki, figo zinavujisha kile ambacho zingepaswa kukizuia. Papa Lubunga aliniamuru niwafanyie hivyo akina mama wajawazito wote, bila kumruka hata mmoja, na aliniadhibu kwa ndoo ya tubu siku nilipomruka mmoja. Kwa wajawazito tulikuwa wakali. Wagonjwa wa sukari tuliwapima sukari tu. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na mimi pia sikuuliza.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa kituo cha afya kimoja upande wa Wamaza. Nilifika kwa pikipiki nikiwa na mikroskopu kwenye mapaja kama mtoto mchanga, na nusu ya njia nilitembea kwa miguu kwa sababu dereva hakuamini matope. Labo yangu ilikuwa chumba kimoja chenye meza na dirisha zuri. Mtu wa labo akipewa dirisha zuri hapaswi kulalamika, kwa hiyo nililalamika kidogo tu.

Huko ndiko nilikojuana na Mwalimu Sumaili, mkuu wa shule ya msingi, mwanaume mrefu mwenye sauti ya kuita watoto uwanjani bila kengele. Nilipima sukari yake mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza pale, na ilikuwa juu sana. Aliipokea habari kama mtu aliyepewa mtihani. Aliacha sukari ndani ya chai. Alipunguza wali, na kupunguza wali kwa mtu wa kwetu Maniema si jambo dogo. Pikipiki yake alimpa mdogo wake, akaanza kutembea kwenda shule. Tulishapata apareyi ndogo ya kupima damu ya kidole, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi alikuja, akanyoosha kidole kabla sijamwomba.

"Ngapi?" aliuliza kila mara.

Nilimwambia namba. Ilikuwa nzuri. Aliiandika kwenye kaye, daftari la shule aliloitenga kwa kazi hiyo, akapiga mstari chini yake kwa rula. Nilimtaja kwa wagonjwa wengine kama mfano. Nikisema kweli, nilijivunia namba zake kana kwamba ni zangu.

Siku moja, akifunga kaye, alicheka akasema, "Mama Aziza, mukojo yangu siku hizi iko inatoa povu sawa sabuni ya kufulia. Nifulie nguo?"

Nilicheka naye. Mezani kwangu kulikuwa na taa ya alkoli, tubu safi na chupa ya siki, na nje walikuwa wamekaa akina mama wajawazito watatu wakisubiri kipimo kilekile. Nilicheka, nikamuaga, nikamwita mama wa kwanza.

Miezi michache baadaye, asubuhi, Mwalimu Sumaili alikuwa anaandika ubaoni akasimama katikati ya neno. Watoto walisema alikaa kwenye kiti, jasho likamtoka mpaka shati likashikana na mgongo, akasema amechoka. Kifua hakikumuuma. Walimu walimleta kituoni wakimshikilia huku na huku. Alikuwa na kichefuchefu na mwili baridi, na kwa kuwa kwetu karibu kila kitu huanza na malaria, tulimtibu malaria. Mimi nilimpima sukari. Nakumbuka nilitoka nikamwambia mkewe, Mama Mwamini, kwa furaha kabisa, "Usiogope. Sukari yake iko muzuri."

Alikufa kabla ya saa tisa mchana.

Matanga yalipoisha, Mama Mwamini alinikuta njiani nikitoka kisimani. Hakunisalimu. Alikuwa mwanamke mfupi, mlimaji wa mpunga, mwenye mikono yenye nguvu kuliko ya wanaume wengi. Alisema tu, "Ulimupima miaka yote ile. Ulikuwa unapima nini?"

Niliomba ruhusa, nikaenda Kasongo kutafuta jibu.

Daktari aliyenisikiliza alikuwa kijana kuliko mimi, na namshukuru kwamba hakunifariji. Aligeuza karatasi iliyotumika, akachora moyo na mishipa yake. Alinieleza kwamba ugonjwa wa sukari hauharibu kwa sukari peke yake. Mtu mwenye sukari ana hatari kubwa ya mishipa ya moyo kuziba, na dalili za hatari hiyo huonekana mapema kwa anayezitafuta: tansio, yaani shinikizo la damu, iliyopanda, protini ndani ya mkojo, mafuta mabaya ndani ya damu, tumbo lililojaa, sigara. Kisha akaweka kalamu chini.

"Sukari inauaka mishipa ya fahamu pia. Kwa hiyo moyo unaweza kuziba na mutu asisikie maumivu. Anachoka tu. Anatoa jasho, anataka kutapika. Unafikiri ni malaria."

"Na protini ndani ya mukojo, ile inatoaka povu, inaonyesha moyo?" niliuliza.

"Inaonyesha kwamba mishipa midogo imeanza kuharibika. Kama ya figo inavuja, ya moyo nayo si salama. Muko na vijiti kule?"

"Mara moja moja. Lakini niko na tubu, moto na siki."

Alinitazama. "Basi uko na kipimo," alisema.

Kabla ya kurudi nilipita kwa Papa Lubunga. Alikuwa ameshastaafu, macho yamefifia, lakini miwani ilikuwa bado na uzi wake wa mpira. Nilimweleza yote, na nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kubeba nusu ya mzigo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tulikuwa tunapika mikojo ya wamama wajawazito tu," alisema polepole. "Miaka yote ile. Hakuna mutu alituambia, na mimi sikutafuta." Akavua miwani. "Sasa wewe unajua, Aziza. Usilie hapa kwangu. Rudia kazini."

Nililia njiani, juu ya pikipiki, ambako upepo ulifanya machozi yasionekane, na nilipofika Wamaza nilikuwa nimemaliza.

Nilianza Jumatano iliyofuata. Kila mwenye sukari alipimwa sukari, tansio, mkojo na kiuno. Kolesteroli, yale mafuta mabaya, sikuwa na namna ya kuipima kule, hata Kasongo ilitegemea kama dawa za kipimo zimefika, basi niliiacha nikashika nilivyoviweza. Kwa kiuno niliazima futi ya fundi cherehani. Wanaume walikuwa wakorofi. Mmoja, mnunuzi wa dhahabu mwenye tumbo la kumtangulia mlangoni, aliinua mikono akasema, "Mama, shona suruali mbili, moja ya bluu." Nikamwambia kwamba kwa kipimo kile kitambaa cha soko zima hakitatosha. Alicheka, lakini mkojo wake ulipotoa mawingu hakucheka tena. Wauguzi wenzangu nao walinung'unika kwamba Jumatano yangu imekuwa ndefu. Ilikuwa ndefu kweli. Niliwapa viti.

Tatizo langu lilikuwa mtu mmoja. Majirani waliniambia kwamba Mama Mwamini anakunywa maji kupita kiasi, na ana kidonda mguuni kisichofunga. Nilijua hiyo ni nini kabla ya kupima. Nilimtumia ujumbe mara tatu asije akachelewa. Alinijibu mara moja tu, kupitia kwa jirani: kituo kile kilimuua mume wake, miguu yake haitakanyaga tena pale.

Basi nikaenda mimi. Nilimkuta nyuma ya nyumba anatwanga mpunga. Hakuacha kutwanga.

"Yaya Mwamini," nilisema, nikimwita kama dada mkubwa, "nimekuja kukujibu lile swali."

Mchi ulipanda, ukashuka.

"Nilikuwa napima sukari tu. Kipimo kingine kilikuwa pale pale mezani. Mwalimu aliniambia mukojo yake inatoa povu, na mimi nikacheka. Ningelipima ningeliona. Sijui kama angepona. Lakini ningeliona."

Mchi ulisimama. Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikatamani anitukane.

"Sasa unataka kunipima mimi," alisema, "juu roho yako itulie."

"Roho yangu haitatulia. Nataka uishi."

Alirudi kutwanga. Nilingoja, halafu nikaondoka, na njiani nilijiambia nitarudi tena juma lijalo, na juma litakalofuata, hata akinimwagia pumba. Haikuhitajika. Jumatano akaingia labo bila kubisha hodi, mguu umefungwa kitambaa, na mkononi chupa ndogo iliyoviringishwa ndani ya kipande cha kitenge. Aliiweka mezani mbele yangu.

"Pika," alisema. "Na mimi nione."

Nikawasha taa. Nilishika tubu ili aone vizuri kwenye mwanga wa dirisha. Mawingu yalikuja haraka, meupe, mazito. Nikatia siki. Tulitazama wote wawili, vichwa vimekaribiana, na mawingu hayakuondoka.

"Ya Sumaili ingekuwa hivi?"

"Nadhani ndiyo."

Alikaa. Sukari yake ilikuwa juu, na tansio ilikuwa juu zaidi, kumi na nane juu ya kumi na moja. Nilimwambia namba zote, sikuficha hata moja. Aliziomba kwenye karatasi, na kesho yake nikasikia amezinakili kwenye ile kaye ya mumewe, ukurasa uliofuata ule wa mwisho alioandika Mwalimu.

Tangu hapo ilikuwa vita, na nyingi tulipigana sisi kwa sisi. Vidonge vya tansio vinavyolinda figo vilitoka Kasongo kwa pikipiki, na mvua zikiharibu njia vilichelewa. Nilijifunza kuagiza mapema, tena kuagiza vya miezi ya mvua wakati bado jua linawaka. Kidonda kilisafishwa kila siku mbili mpaka kikafunga. Chumvi ya kwenye sombe, majani yetu ya muhogo, ndiyo iliyotupeleka karibu na kuachana.

"Sombe bila chumvi ni chakula cha mbuzi," alisema.

"Mbuzi hawana tansio."

"Umewapima?"

Tulikubaliana kijiko kidogo kwa chungu kizima, na makayabo, wale samaki wa chumvi, ale siku ya sikukuu tu, baada ya kulowekwa usiku kucha na maji kumwagwa. Nilimfundisha pia jambo moja ambalo nilimfundisha kila mgonjwa, na kila jamaa aliyemsindikiza mgonjwa: mwenye sukari akichoka ghafula, akitoa jasho baridi, akikosa pumzi au akitaka kutapika, hata bila maumivu ya kifua, asilazwe nyumbani. Nilisema maneno yale mara nyingi sana hata watoto wa jirani waliyaigiza michezoni, mmoja akijifanya Mama Aziza mwenye kidole juu.

Mwaka wa tatu wa vita ile, wakati wa kuvuna mpunga, Mama Mwamini alikuwa shambani na wanawake wenzake. Walinisimulia baadaye. Aliacha kisu, akakaa juu ya mganda, uso umejaa jasho na hakukuwa na jua kali. Mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema kuna mtu amemwonea wivu kwa mavuno. Wakataka kumlaza kivulini.

"Hapana," Mama Mwamini aliwaambia, na pumzi haikutosha kwa maneno mengi. "Hii njo ile ya Sumaili. Munipeleke kwa Aziza."

Walimleta kwa baiskeli, wawili wakisukuma, mmoja akimshikilia. Nilikuwa dirishani. Nilipoona namna kichwa chake kilivyolala, nilikimbia kumpokea. Muuguzi wetu alimpa aspirini aitafune. Tulipima sukari na malaria pia, maana sikutaka kukosea kwa upande mwingine sasa, na malaria haikuwepo. Mtu mmoja alikimbia kilimani kutafuta rezo, mtandao wa simu, akampata daktari wa Kasongo, akarudi na jibu: mleteni sasa hivi.

Tulimkalisha kwenye pikipiki, kati ya dereva na mimi, tukamfunga kwangu kwa kitenge. Sitaki kuieleza njia ile, wengi wenu mnaijua. Kwenye daraja moja la magogo tulimshusha, tukamvusha kwa mikono, tukampandisha tena. Kila mara nilipohisi kichwa chake kinazidi kuwa kizito kifuani kwangu nilimwita, na kila mara alijibu, mpaka mara moja alipojibu, "Aziza, unapiga kelele. Acha mutu afe na heshima."

"Hutakufa. Nyamaza, usimalize pumzi."

"Wewe njo unaniita."

Tulifika jua likiwa linatua. Daktari alisikiliza kifua chake, akampima kwa ile mashine ya kuandika moyo, akanionyesha mistari kwenye karatasi. Moyo ulikuwa umeziba mahali fulani. Alikaa hospitalini majuma kadhaa. Aliporudi Wamaza hakuweza tena kutwanga wala kubeba mpunga, na hilo lilimwuma kuliko ugonjwa. Lakini alirudi. Leo ninapoandika haya ana wajukuu wanaomwogopa.

Msiseme kwamba kipimo changu kilimwokoa. Sijui. Pengine ni vidonge vilivyompa moyo wenye nguvu kidogo zaidi siku ile. Pengine ni aspirini, au yule dereva, au ni yeye mwenyewe, aliyekataa kulazwa kivulini. Ninachojua ni kwamba mumewe alikuja na dalili zilezile, na sisi hatukujua tunatazama nini.

Tangu siku ile Jumatano yetu haikunung'unikiwa tena na mtu. Wachimbaji wa dhahabu waliotoka Kivu walianza kuteremka kutoka machimboni kuja kupimwa, wengine wakiwa na sigara mdomoni, ambayo niliichukua mlangoni. Wapo niliowapoteza. Wapo waliokuja mara moja wakaona mawingu, wakaondoka wasirudi, na hao ndio ninaowafikiria zaidi kuliko waliobaki. Kwa hiyo niliweka kanuni moja: mkojo wenye mawingu, mwenyewe haondoki kabla hajakaa mbele ya muuguzi. Hatumtumii ujumbe. Tunamfuata.

Siku yangu ya mwisho kazini waliniandalia sherehe ndogo uani. Kulikuwa na wali na kuku, soda kwa wasio na sukari, na viti vya kuazima kutoka kanisani na msikitini. Riziki, aliyechukua nafasi yangu labo, alikuwa amepewa kazi ya kusoma hotuba ya kuniaga. Alikuwa ameivalia nguo mpya. Alianza vizuri: "Mama yetu mupendwa, leo..." Hapo macho yake yakapita juu ya kichwa changu, yakaenda barabarani. Nikageuka. Mwanaume mmoja alikuwa anapanda pikipiki, nyuma ya dereva. Asubuhi ile Riziki alikuwa amempima. Sukari yake ilikuwa nzuri, na mkojo wake ulikuwa na mawingu mpaka katikati ya tubu. Aliambiwa angoje muuguzi. Muuguzi alikuwa kwenye sherehe yangu.

Riziki alinipa karatasi ya hotuba mkononi, akaanza kukimbia. Aliruka mfereji na ile nguo mpya, akaita, "Papa! Papa, simama! Bado hatujamaliza!" Pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Alisimama mbele yake barabarani, mikono imefunguliwa, matope yamefika magotini, na hakusogea.

Wageni walinitazama waone kama nimekasirika. Nilikunja hotuba, nikaiweka chini ya sahani isipeperuke.

Baada ya muda dereva alizima pikipiki. Yule mwanaume aliteremka, na Riziki akamrudisha labo akiwa amemshika mkono. Muuguzi aliacha kuku wake, akawafuata. Sisi wengine tukangoja.